Tulivyoupigia Kura Mlima

Mimi ni mtu wa kuandika. Kuongea naweza, ila maneno yangu huchelewa njiani na kufika wakati wenzangu wameshahamia habari nyingine. Mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo, limekaa kabisa kwenye ncha ya ulimi, halafu mwingine analisema, anapigiwa makofi, na mimi nalimeza langu kimya kimya. Ndiyo maana nina kauntabuku. Majibu yote niliyowahi kuyameza yamo humo.

Kisa cha kompyuta kimekula kurasa nyingi kuliko vyote, hata kuliko cha siku niliyosukumwa mbele ya kanisa nisome tangazo la kipaimara nikasoma la msiba.

Shule yetu iko pembeni ya mji wa Tukuyu, mahali ambapo sweta ni sehemu ya ngozi na mvua hatusemi imenyesha, tunasema leo imepumzika kidogo. Nyuma ya maktaba kuna chumba chenye kompyuta nane. Zilikuja zikiwa tayari zimezeeka, na hapa kwetu baridi imeziongezea miaka. Zilikuwa zinawaka zikitaka. Nyingine ukiibonyeza asubuhi unaweza kwenda kunywa uji ukarudi ukaikuta bado inajifikiria.

Mwanzoni mwa muhula, mkuu wa shule aliingia, akasimama katikati ya chumba na mikono nyuma, akatuangalia sisi kumi na mmoja wa klabu ya kompyuta.

"Siku ya wazazi," alisema, "nikikuta hizi zinafanya kazi, chumba ni chenu. Nikikuta zinazubaa hivi, naweka mahindi."

Hakuwa anatania. Mahindi na maharage ya shule yalikuwa yanalala kwenye korido ya jikoni, na panya wa korido ile wameshiba kuliko sisi.

Wengine waliona kinachopotea ni chumba. Mimi nilikuwa na changu cha zaidi. Kwa mwaka mzima, mimi na jirani yangu wa dawati tulikuwa tunatengeneza uso wa kompyuta. Naita uso kile unachokiona ukiiwasha: vitufe, madirisha, picha ya nyuma, maneno ya kubonyeza. Kuna watu duniani wanaotengeneza nyuso hizi na kuziacha wazi, yeyote achukue, abadilishe, amgawie mwenzake. Tukachukua mmoja. Jirani yangu akapanga vitufe viwe vikubwa, hata mtu aliyesahau miwani avione, na mimi nikaandika maneno yote upya kwa Kiswahili, moja moja, kwenye kurasa za nyuma za kauntabuku.

Kazi hiyo niliipenda kwa sababu hakuna aliyenitaka niisome kwa sauti. Neno lililonisumbua zaidi ni la lile pipa la kutupia mafaili usiyoyataka. Wavulana walitaka "Takataka." Lakini faili ukilitupa humo halijafa, unaweza kulirudia. Nikawaza nyumbani kwetu Ikuti tunatupa wapi vitu. Maganda, majivu, maji ya kuoshea vyombo, vyote vinakwenda chini ya migomba, na kijiko kikipotea jikoni, huko huko ndiko kinakotafutwa. Nikaandika "Migombani." Jirani yangu alicheka hadi akajamba kidogo, nimeapa sitasema, lakini hapa naandika tu.

Yeye ni kinyume changu. Baba yake anauza vitenge karibu na soko, ukoo wao ulitoka pwani zamani, na nafikiri maneno yangu yote yaliyochelewa huwa yanapitia kwake. Anaongea kwa niaba ya watu wawili.

Sasa, uso hauwezi kukaa hewani. Unahitaji mwili chini yake, ule mfumo wenyewe unaoiendesha kompyuta. Na miili hiyo nayo inatolewa bure na makundi mbalimbali, kila kundi na namna yake ya kuifunga. Wenyewe wanaiita distro. Ziko nyingi mno. Ilibidi klabu ichague moja ya kuuwekea uso wetu, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kati ya tatu zilizopendekezwa, moja ilikataa hata kuwaka kwenye kompyuta zetu. Zikabaki mbili. Kwa kuwa majina yake ya kweli yalikuwa yanatutafuna ulimi, jirani yangu akazipa yetu.

Ya kwanza aliiita Bibi Harusi. Nzuri, inang'aa, kila kitu chake ni kipya, na kila asubuhi inataka apdeti, kama bi harusi anayebadilishiwa nguo kila baada ya saa.

Ya pili aliiita Mama Mkwe. Rangi ya kijivu. Ukiiweka inakuuliza maswali mengi kama inakuchunguza ukoo. Vitu vyake ni vya zamani kidogo na havibadiliki mpaka vijaribiwe sana. Ila ukishaiweka inakaa pale pale ulipoiweka, na marekebisho yake machache unaweza kuyabeba kwenye flashi.

Wakati wa likizo fupi mwalimu wa klabu aliniruhusu nichukue kompyuta moja niijaribu dukani kwa kina jirani yangu, ambako mtandao unashika vizuri. Ni mwalimu wa fizikia. Alipewa klabu kwa sababu ndiye mwalimu pekee aliyewahi kuonekana amefungua kompyuta kwa bisibisi. Tulianza kushusha Bibi Harusi baada ya swala ya adhuhuri, ikamaliza baba wa jirani yangu akitoka kuswali alasiri. Nikaiweka, nikaivisha uso wetu. Ikapendeza, jamani. Nilikaa kati ya majora ya vitenge nikaiangalia tu.

Siku ya tatu ikaapdeti. Nilipoiwasha, uso wetu ulikuwa umeng'oka. Vitufe vikubwa hakuna, Kiswahili hakuna, "Migombani" hakuna. Bibi Harusi alikuwa amebadilisha ile sehemu ambayo uso wetu ulikuwa umejishikiza. Nikaushonea tena, siku nzima. Siku ya tano, apdeti ikiwa katikati, umeme ukakatika, jambo ambalo Tukuyu ni kama kupiga chafya. Uliporudi, kompyuta ilionyesha weusi na mstari mmoja wa herufi, ikakaa hivyo.

Nikaweka Mama Mkwe. Nikamvisha uso. Nikachomoa waya kwa makusudi, mara nne. Kila mara ilirudi, pole pole, bila kununa.

Niliandika kurasa tano. Niliandika vizuri sana, na vichwa vya habari nikavipigia mstari. Nilikuwa na hakika: tukiweka Bibi Harusi kompyuta zote nane, kabla ya siku ya wazazi uso wetu utang'oka, na hata usipong'oka wakati huo, utang'oka sisi tukishamaliza shule, na hakutakuwa na mtu wa kuushona. Basi mahindi yatahamia.

Halafu kikao kikafika.

Mwenyekiti wa klabu ni wa kidato cha nne, ametokea Mbeya mjini, na anakukumbusha kuhusu hilo. Aliziweka kompyuta mbili sambamba juu ya meza, moja Bibi Harusi, nyingine Mama Mkwe, zote bila uso wetu, zikiwa na picha zake za nyuma zilizokuja nazo.

"Wadau," akasema, "maneno mengi ya nini? Angalieni wenyewe."

Mama Mkwe alikuwa na picha ya kijivu tupu. Bibi Harusi alikuwa na mlima.

"Mlima Rungwe huo!" mtu akapiga kelele.

"Rungwe kabisa! Ona ule mgongo."

"Una theluji," jirani yangu akasema. "Rungwe una theluji lini?"

"Ni ukungu huo, dada. Wa asubuhi."

"Ukungu mweupe hivyo, unang'aa?"

"Wewe wa pwani utaujulia wapi mlima?"

"Nimezaliwa hapo sokoni!"

Kelele. Wote walikuwa wamesimama kuuzunguka ule mlima wa watu, kila mtu anaonyesha kwa kidole kwao ni upande gani. Mmoja alidai anaiona Igogwe, hadi na paa la hospitali. Mwalimu akagonga meza.

"Nani aliyezijaribu hizi?" akauliza, akinitazama mimi.

Kurasa tano zilikuwa kwenye begi langu. Nilisimama. Nyuso kumi zikanigeukia, na mimi nikajisikia kama mke wa mtu katika zile hadithi za mabibi wa Kinyakyusa, aliyekutana na baba mkwe wake njiani: anatakiwa asimtazame, asimtaje, aingie kwenye majani hadi apite.

"Zote zinawaka," nikasema.

"Una la kuongeza?"

"Hapana, Mwalimu."

Nikakaa.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Wa Bibi Harusi, tisa. Wa Mama Mkwe, jirani yangu peke yake. Mimi mkono wangu ulifika usawa wa sikio, nikakuta watu wananiangalia, nikajikuna.

Jirani yangu hakunisemesha mpaka tulipofika bombani.

"Kurasa tano!" akalipuka. "Kurasa tano umeandika, na mdomoni umetoa 'zote zinawaka'! Hata jiko la mkaa linawaka!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Wamekupiga?"

"Wameniangalia."

Akaguna. "Basi tuwape cha kuangalia kingine."

Wazo lilikuwa lake, dhambi tuligawana. Kama wamechagua mlima, tuwape mlima, ila wa kweli, na tuuweke juu ya Mama Mkwe. Mwalimu alikuwa amesema kutakuwa na kuangalia mara moja ya mwisho kabla kompyuta zote nane hazijawekewa mfumo. Tulikuwa na siku nne.

Kuupata Mlima Rungwe kwenye picha si jambo dogo. Upo, kila mtu anajua upo, lakini unapenda kujifunika. Asubuhi tatu tulitoka na simu ya mama yake jirani yangu, iliyoombewa ruhusa kwa patron, mlezi wa mabweni, kwa kisingizio cha jiografia, tukasimama nyuma ya bweni la wavulana ambako upeo uko wazi, tukapiga picha za mawingu. Asubuhi ya nne mawingu yakafunguka kama dakika tatu. Jirani yangu akapiga. Mlima ukatoka mzima, wa bluu, na migomba chini yake. Upande wa kushoto ikaingia kamba ya kuanikia, na kwenye kamba hiyo sweta la shule lenye tundu kubwa kiwikoni. Hatukuwa na muda wa kupiga nyingine. Mlima ulikuwa umeshafunga duka.

Siku ya kuangalia ikafika. Kompyuta moja tu, Mama Mkwe chini, uso wetu juu, mlima nyuma. Tuliiwasha tukajisogeza pembeni.

"Aisee!" akasema mwenyekiti. "Kwanza Bibi Harusi amenawa uso! Huu sasa ndio Rungwe!"

"Na migomba imo!"

"Ile theluji iko wapi?"

"Si nilikwambia ulikuwa ukungu?"

"Nani ameanika sweta?"

Mwalimu akauliza kama tunakubaliana. Mikono yote ikapanda, safari hii na wangu, hadi juu. Nilikuwa na furaha ya mwizi. Tumeshinda, nikawaza, na sijafungua mdomo.

Ndipo mwenyekiti akatoa flashi mfukoni, akaifuta kwenye suruali.

"Basi hii hii," akasema. "Bibi Harusi mwenyewe yumo humu, nimemshusha upya jana. Naanza na kompyuta ya kwanza. Hiyo picha mtanipa niongeze."

Nikamtazama jirani yangu. Naye alikuwa ananitazama. Kwa ujanja wetu wote, tulikuwa tumesahau kwamba watu wale walidhani wanaangalia Bibi Harusi. Tulikuwa tumewafanya waipende mara mbili.

Mwenyekiti akainama, anatafuta tundu la flashi. Jirani yangu akafungua mdomo. Halafu, nitamkumbuka kwa hili mpaka nizeeke, akaufunga. Akakunja mikono akangoja.

"Siyo," nikasema.

Hakuna aliyesikia.

"Siyo yenyewe!"

Hiyo walisikia, kwa sababu ilitoka kama mtu aliyekanyagwa. Mwenyekiti akainuka, flashi mkononi.

"Siyo nini?"

"Hiyo mnayoiangalia siyo Bibi Harusi. Ni Mama Mkwe. Mlima nimeuweka mimi. Ile siku mlichagua picha, hamkuchagua distro. Na ule mlima wa kwanza hata sio wa hapa."

Jirani yangu akafungua begi langu bila ruhusa, akatoa kauntabuku, akaifungua ukurasa wenyewe, akanipa.

"Soma."

Nikasoma. Kompyuta ilivyong'oka uso siku ya tatu. Umeme ulivyokatika siku ya tano. Mama Mkwe alivyochomolewa waya mara nne akarudi. Nilisoma haraka bila kuinua macho, na mtu anayesoma hivyo hasimami penye nukta, ndiyo maana nilipita moja kwa moja hadi mstari uliofuata: "na mwenyekiti anaongea kama kipaza sauti cha mnadani, hata akinong'ona ng'ombe wanageuka."

Nafikiri maharage ya kwenye korido yalisikia kile kicheko. Mwalimu alijifanya anakohoa. Mwenyekiti alisimama na flashi yake, masikio yamemwiva, lakini namsifu kwa hili, hakuondoka.

"Sawa," akasema, safari hii kwa sauti ya chini kweli. "Ng'ombe wageuke. Lakini huyo Mama Mkwe wenu ana vitu vya zamani. Kila kitu kimepitwa."

"Na hizi kompyuta je?" nikamwuliza. "Ni za mwaka huu?"

Neno hilo halikuchelewa. Lilitoka wakati wake, likakuta watu bado wapo. Wakacheka tena, na safari hii hata mwenyekiti alicheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo.

Mwalimu akaja mbele. Hakusema nani kashinda. Aliuliza swali moja: "Mwakani mkiwa hampo, mnadhani ipi itabaki na huu uso bila mtu wa kuishika mkono?" Kisha akachomoa waya wa ile kompyuta ukutani, akauchomeka tena. Tukangoja. Tukangoja sana, lazima niseme ukweli, Mama Mkwe hakimbii. Mlima ukarudi, na sweta lake, na "Migombani" pale pale kwenye kona.

Hawakupiga kura tena. Mwenyekiti alimtoa Bibi Harusi kwenye flashi yake, akamweka Mama Mkwe, akaanza na kompyuta ya kwanza. Maswali yote ya ukoo aliyajibu yeye.

Siku ya wazazi mvua haikupumzika. Mlima haukuonekana asubuhi wala mchana. Wazazi waliingia chumbani kwetu kukwepa maji, wakakuta Rungwe nane juu ya meza, wakaanza yale yale: kwetu ni huku, hapana, huku. Saa nne umeme ukakatika. Mkuu wa shule alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Ulirudi baada ya muda, tukawasha zote, nikaihesabu milima ikitokea mmoja mmoja. Ya sita ilichelewa, nikaacha kupumua. Ikatokea.

Mkuu wa shule alitoka, nikamsikia akimwambia mtunza stoo nje, "Mahindi tafuta pengine." Sijawahi kusikia mahindi yakitajwa kwa sauti tamu hivyo.

Mama yangu alikuwa ametoka Ikuti na mkungu wa ndizi kwa ajili ya walimu. Kiswahili anakisoma pole pole, kwa kidole, na nyumbani ni Kinyakyusa tu. Nilimkalisha kwenye kompyuta ya tatu. Kidole kikatembea: "Fungua. Andika. Hifadhi." Kikafika kwenye kona, kikasimama.

"Mi-go-mba-ni." Akageuka. "Eh! Nani ameleta migomba humu?"

Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza, na mwenyekiti alikuwa anavuta pumzi ya kujibu kwa niaba ya klabu.

"Mimi," nikasema. "Ni mahali pa kutupia, Mama. Ukikosea unarudia kuchukua."

"Kama kijiko!"

"Kama kijiko."

Akacheka, akapiga makofi mara moja. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu, umefikiria." Kisha akasogeza uso karibu na mlima, akakunja macho. "Na hili sweta lililotoboka ni la nani? Huyo mtoto hana mama?"

Mwenyekiti akaficha kiwiko chake nyuma ya mlango.

Wageni walipoondoka alinifuata, peke yangu, akaniomba kwa heshima kabisa nilitoe sweta lake kwenye picha. Nikamwambia ningependa, kaka, ila Mama Mkwe habadilishiwi kitu mpaka kijaribiwe sana.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka umalize shule."